Mwenye Kovu Usidhani Amepoa

Makao ya askari waliojeruhiwa vitani, pamoja na familia zao

(Mhadhara uliotolewa kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani wa Kikuyu na vigango vya jirani, Dodoma)

 

Ndugu makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo, akina baba na akina mama, mada tuliyopewa leo inahusu watu ambao taifa huwasifu kila mwaka, lakini majirani zao huwasahau kila siku. Ni askari waliorudi kutoka vitani wakiwa wamepoteza mguu, mkono, macho au nguvu za uti wa mgongo. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Huwekwa mkuki, ngao na mashada ya maua, na hupigwa tarumbeta ya maombolezo. Ni desturi njema, nasi hatuibezi. Hata hivyo, aliyekufa hahitaji tena mlango wa kupitia. Anayeuhitaji ni yule aliyerudi akiwa hai, na swali letu la leo ni moja tu: je, ana nyumba anayoweza kuingia na kutoka bila kubebwa?

1. Deni lilivyoanza

Wengi wetu tuliopo hapa tulikuwa bado watoto, au hatujazaliwa, jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulitwaa eneo la kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa na wananchi wakakimbia na kuacha mali zao. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akataja sababu, nia na uwezo wa kumpiga adui. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo mapigano yalikwisha. Kisha taifa likaombwa lifunge mkanda kwa miezi 18.

Yatupasa tukumbuke ni nani waliokwenda. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Walikwenda polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na maelfu ya mgambo waliotolewa vijijini, watu wa jembe na mifugo. Vita vilipokwisha, mgambo walirudi mashambani kwao. Aliyerudi mzima alishika jembe lake. Aliyerudi bila mguu alirudi katika kijiji kilekile na nyumba ileile aliyoijenga akiwa na miguu miwili.

Wala tusidhani kwamba ni habari ya wazee tu. Vijana wetu wamekwenda kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa katika shambulio huko Darfur, nchini Sudan, na wengine wakajeruhiwa. Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Zaidi ya kumi waliuawa na wengi wakapata majeraha. Majeruhi hao ni vijana. Mungu akipenda wataishi miaka 40 au 50 baada ya jeraha, na miaka hiyo yote wataishi ndani ya nyumba.

2. Huku nyumba, kule sanamu

Ugogo unaifahamu gharama ya vita tangu zamani. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka nchi hii. Kisha, kati ya mwaka 1917 na 1920, ikaja ile njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Watu waliobeba mizigo ya vita wasivyovianzisha walibaki bila chakula na bila fidia.

Sasa tazameni tofauti. Mwaka 1916, vita hivyo vikiwa bado vinapiganwa, Oswald Stoll, tajiri mwenye majumba ya maonyesho huko London, alianzisha mfuko wa kujenga nyumba za askari walemavu wa Uingereza. Zikajengwa Fulham ili askari aliyejeruhiwa akae humo pamoja na mkewe na watoto wake. Mwaka 1927, vita vilipokwisha kutimiza miaka tisa, askari na wapagazi wa Kiafrika nao walikumbukwa. Katikati ya Dar es Salaam ilisimamishwa sanamu ya shaba, ile tuiitayo Sanamu ya Askari, nayo ipo mpaka leo. Waliopigana katika jeshi moja, huku walipewa nyumba na kule walipewa sanamu.

Hatusemi hayo ili kuchochea chuki dhidi ya taifa lolote. Tunayasema kwa sababu kishawishi hichohicho kinatukabili sisi wenyewe tuliojitawala. Ni rahisi kusimamisha mnara. Mnara haugui, hauzeeki, hauna mke wala watoto, wala haudai choo kinachofikika. Taifa likijenga minara tu, litakuwa limerithi desturi ya mkoloni aliyewaheshimu mashujaa wetu kwa shaba na kuwanyima tofali.

3. Nyumba inayomfunga mwenyewe

Tunapozungukia jumuiya zetu tumeonana na mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikanyaga bomu la ardhini nchini Uganda mwaka 1979. Mguu mmoja ulikatwa juu ya goti, na sasa kwa uzee hata mguu uliobaki umechoka, kwa hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Nyumba yake ni ya tofali, ina bati, na mpita njia angesema kwamba mzee huyu hana shida. Lakini mlangoni pana ngazi tatu. Mlango wa chumba chake ni mwembamba kuliko kiti chake, kwa hiyo kiti hulala sebuleni naye hutambaa mpaka kitandani. Choo kipo nyuma ya ua, cha shimo na cha kuchuchumaa, na njia ya kukifikia ni mchanga mtupu. Mvua za Januari zikinyesha, mchanga huwa tope na magurudumu huzama.

Mama wa nyumba hiyo naye amepita umri wa miaka 60. Ndiye anayemshusha ngazi, anayemfikisha chooni, anayemwogesha na kuchota maji. Mgongo wake mwenyewe sasa unamuuma usiku kucha. Binti yao mmoja hakuendelea na masomo ya sekondari kwa sababu nyumba ilihitaji mikono miwili zaidi. Tulipomwuliza mzee angependa tumwombee nini, hakutaja nishani wala fedha. Alijibu: "Baba, niombeeni nipate kwenda chooni peke yangu."

Ndugu wajumbe, tuyapime maneno hayo. Ngazi tatu za saruji zimemnyang'anya mtu mzima siri ya mwili wake, zimemnyang'anya mke afya yake, na binti shule yake. Ndiyo maana mada yetu inataja familia. Jeraha la askari halikai katika mwili mmoja. Nyumba isipofaa, jeraha huenea kwa wote waliomo.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa. Kovu la vita tunaliona limefunga, tukadhani yamekwisha. Kumbe kila asubuhi nyumba yenyewe hulifungua upya.

4. Mfalme Daudi na mtoto wa Yonathani

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano unaolingana kabisa na jambo hili. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli tunasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka mitano habari za kushindwa vita zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Ni majeruhi wa vita ambaye hakuwahi kushika upanga. Akakua mafichoni Lodebari, katika nyumba ya mtu mwingine.

Daudi alipotawala alimtafuta. Angalieni alivyofanya. Hakumtumia sadaka huko mafichoni. Alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli. Alimwagiza Siba, pamoja na wanawe na watumishi wake, wamlimie. Tena akampa nafasi ya kudumu katika meza ya mfalme, kama mmojawapo wa wana wake. Ardhi, msaada wa kazi na mahali pa heshima katikati ya watu, vyote vitatu kwa pamoja. Naye alifanya hivyo kwa sababu ya agano lake na Yonathani. Kwa maneno mengine, alikuwa analipa deni.

Mfano wa pili mnaufahamu kwa moyo: yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyebebwa na watu wanne. Watu wa Ugogo wanaielewa habari hiyo kuliko mataifa mengi, maana tembe letu, kama nyumba za Palestina, lina paa bapa la miti na udongo, ambalo mtu aweza kulipanda na kulitoboa. Mara nyingi tunahubiri juu ya imani ya wale wanne, na ni haki kufanya hivyo. Leo tuutazame pia mlango. Umati ulikuwa umeuziba, na hakuna aliyesogea. Mgonjwa akafika mbele ya Bwana kwa kubomoa nyumba, kwa kuwa waliokuwamo hawakumpa njia. Je, sisi tu upande wa wale wanne, au tu miongoni mwa umati mlangoni?

Mafundisho ya Kanisa yanakwenda katika njia hiyohiyo. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII, katika waraka wake juu ya amani duniani, aliyataja makao pamoja na chakula, mavazi na matibabu katika haki za kila binadamu. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote. Na mwishoni mwa mwaka 1987, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima juu ya suala la makao. Hati hiyo inatuuliza tumemtendea nini ndugu yetu asiye na nyumba. Fundisho lake ni kwamba ukosefu wa makao ni suala la haki, na nyumba si bidhaa tu ya soko.

5. Sheria zinasemaje

Si kweli kwamba nchi yetu haina sheria. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja juu ya ajira na nyingine juu ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Novemba 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 9 ya mkataba huo inahusu majengo na huduma kufikika; ibara ya 19 inahusu haki ya kuishi katika jamii; na ibara ya 28 inataja makazi ya kufaa, pamoja na mipango ya serikali ya nyumba. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo mzee wetu mwenye ngazi tatu ana haki iliyokwisha kuandikwa. Kilichobaki ni haki hiyo kutoka katika karatasi na kufika mlangoni.

Jirani zetu wametupatia la kujifunza. Mwaka 2007 Rwanda ilitunga sheria maalumu ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani, na nyumba zimejengwa kwa ajili ya wale wenye ulemavu mkubwa. Uganda inacho kituo cha Mubende kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Mbali zaidi, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1948 ya kuwasaidia askari waliopooza miguu kujenga nyumba zenye kufaa viti vya magurudumu: serikali ililipa nusu ya gharama, kwa kiwango kisichozidi dola 10,000. Jambo la msingi katika sheria hiyo ni kwamba askari alisaidiwa kuwa na nyumba yake, palipo na watu wake.

Hapa yatupasa tutofautishe mambo mawili. Kituo cha tiba na mafunzo ni cha lazima, lakini kituo si makao. Mtu hupelekwa kituoni ili apate nafuu na kujifunza ufundi; makao ni pale anapogombana na mkewe na kupatana naye, anapowapokea wakwe zake na anapofia. Tukiwakusanya majeruhi wote katika kambi moja nje ya mji, tutakuwa tumewajengea Lodebari mpya.

6. Kwa nini hawa, na wengine je?

Wapo watakaouliza: Baba, maskini ni wengi, kwa nini tuanze na askari? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwa njia mbili. Kwanza, askari alijeruhiwa katika kazi ambayo sisi sote tulimtuma. Anatudai. Huruma humfikia mtu tunapokuwa na ziada, bali deni hulipwa hata kwa kujinyima. Pili, mlango unaompitisha askari humpitisha kila mtu. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili yake itatumiwa na bibi mwenye magongo, na mtoto aliyezaliwa na ulemavu, na mama mjamzito, hata na jirani aletaye gunia la mtama kwa toroli. Hatumwondoi yeyote katika foleni, tunapanua mlango.

Tena jambo hili lina wakati wake, na kwa mji wetu wakati wenyewe ndio huu. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu ndipo ujenzi ulipotapakaa pande zote. Kikuyu yenyewe mnaiona. Nyumba zinazojengwa leo zitasimama miaka 50. Kupanua mlango kabla ya fremu kuwekwa ni gharama ya tofali chache zinazopungua. Kuupanua baadaye ni kuvunja ukuta. Mji mzima unaojengwa upya ukirudia ngazi zilezile, hatutakuwa na udhuru wa kusema kwamba tulirithi.

7. Tufanye nini?

Tume inapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, kila jumuiya ndogondogo iwatambue majeruhi wa vita waliomo katika eneo lake, wawe Wakatoliki au la, pamoja na wajane wao. Tusiwatangaze, tuwatembelee, tuwasikilize, na tusimwamulie mtu mahitaji ya nyumba yake.

Pili, tujifunze vipimo, maana haki ya makao hupimwa kwa futikamba. Mlango uwe na nafasi ya sentimeta 90. Kizingiti kisiwepo, au kisizidi sentimeta 2. Njia ya mteremko iwe na urefu mara 12 ya kimo chake: ngazi tatu zenye kimo cha sentimeta 45 zinadai mteremko wa meta 5 na sentimeta 40. Ndani ya choo pawe na nafasi ya kugeuza kiti, yaani duara la meta moja na nusu, choo kiwe cha kukaa, na vyuma vya kushikia vifungwe imara ukutani. Njia kutoka nyumba hadi choo iwe ngumu, ya saruji au kokoto zilizoshindiliwa, isizame wakati wa mvua. Mafundi wetu wa vigango wanaweza kuifanya kazi hiyo; wanachokosa ni mtu wa kuwaagiza.

Tatu, tuanze na nyumba ya Mungu. Tupime milango ya kanisa, ofisi, ukumbi na vyoo vyetu vya parokia. Hatuwezi kumhubiria mwenye nyumba juu ya ngazi zake iwapo majeruhi hawezi kufika kwenye Komunyo bila kubebwa.

Nne, tulinde haki ya mke na watoto. Nyumba za kambini ni za walio kazini, na askari akistaafu huziacha. Kwa hiyo anahitaji kiwanja chake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja. Tuwahimize waandikishe majina yote mawili, ili mjane aliyeuguza miaka 40 asije akatolewa nje baada ya matanga.

Tano, tuzungumze na madiwani, na halmashauri ya jiji, na mashirika yanayojenga nyumba za kuuza na kupangisha. Tuwaombe kwa heshima, lakini kwa uwazi, kwamba katika kila mradi zitengwe nyumba za chini zenye kufikika, na kwamba waliojeruhiwa wakilitumikia taifa wafikiriwe kwanza. Tusiende na malalamiko matupu. Twende na orodha, vipimo na sheria mkononi.

Wapendwa, amani tunayoiimba ina watu walioilipia kwa viungo vyao. Hatuwezi kuwarudishia miguu. Tunaweza kuwaondolea ngazi. Hilo liko ndani ya uwezo wa parokia moja, mafundi wachache na mifuko kadhaa ya saruji, na tukilifanya hapa tutakuwa na haki ya kulidai kwa sauti mahali pakubwa zaidi. Mwenyezi Mungu atuepushe na dhambi ya kuuziba mlango, na atujalie moyo wa wale wanne.

 

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni nani waliojeruhiwa vitani au katika ulinzi wa amani? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini?

2. Ni nani katika familia hizo anayebeba mzigo wa kila siku? Tunaweza kumpunguzia kazi gani wiki hii?

3. Tupime mlango wa kanisa letu na wa choo chetu. Je, kiti cha magurudumu kinapita?

4. Soma tena habari za Mefiboshethi (2 Samweli 4 na 9). Kati ya ardhi, msaada wa kazi na mahali pa heshima, ni lipi ambalo majeruhi wa kwetu wamelikosa zaidi?